Nilifungwa, kisha nikaomba chuo cha uuguzi

Vijana wanaonitafuta kuhusu jambo hili karibu wote huanza na swali moja: "Kaka, niliwahi kufungwa. Chuo cha afya watanipokea?" Wengi wao ni watu wa mialoni ya Ziwa Victoria huku Mwanza, Igombe, Kayenze, Sengerema, wengine wanavuka kutoka Ukerewe. Mimi walinipokea. Nilisoma, nikamaliza, nikapata leseni, na sasa ni muuguzi. Lakini swali hilo linaishia njiani. Chuo kinakudahili, baraza la taaluma ndilo linalokupa leseni, na mwajiri ndiye anayekupa kazi. Kila mmoja ana fomu yake na ana haki ya kukuuliza upya. Anayepokelewa na chuo akadhani yamekwisha anaweza kumaliza ada ya miaka mitatu ya wazazi wake, halafu akakwama mbele. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika yote, ya aibu yakiwemo.

Mwaka 2015 nilikuwa kijana wa miaka 21, nafanya kazi kwenye mtumbwi wa dagaa upande wa Kayenze. Dagaa huvuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikishika mnapumzika, na giza likiisha ndipo tajiri mwenye mtumbwi anapiga hesabu: anatoa mafuta, chakula cha kambi, matengenezo, kisha kinachobaki kinagawanywa. Giza lile mgao wangu ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Kuna mwenzetu aliyekuwa anashika daftari. Nikamshutumu, akanijibu, maneno yakapanda. Nikaokota kasia nikampiga. Mkono wake wa kulia ulivunjika juu kidogo ya kiwiko. Yeye hakuwa ameshika kitu.

Nilifikishwa Mahakama ya Mwanzo kwa shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu. Sheria inaruhusu kifungo cha hadi miaka 5. Nilikiri kosa, nikahukumiwa miezi 6 na kuamriwa kumlipa fidia. Nilitumikia miezi 4 gereza la Butimba, theluthi ikiwa imepunguzwa kwa mwenendo mzuri kama inavyofanyika kwa wafungwa wengi.

Sitasema gereza lilinipa wito wa uuguzi. Nilitoka nikitaka kazi ya nchi kavu tu, mbali na mwalo na watu walioniona nikipakiwa kwenye gari la polisi. Mama yangu mdogo, anayekaa Igoma, alinitafutia kazi ya usafi kwenye zahanati ya mtu binafsi. Nilideki, nilimwaga takataka, nilichemsha vifaa. Pale palikuwa na mama mmoja muuguzi aliyekaribia kustaafu. Alinizoesha kushika mtoto anapochomwa sindano, kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, kumsikiliza mzee anayesema pole pole. Siku moja akaniuliza: "Mwanangu, cheti chako cha kidato cha nne kinasemaje?"

Nikamwambia: Kemia C, Baiolojia D, Fizikia F. Halafu, kwa kuwa nilihisi namdanganya kwa kunyamaza, nikamwambia na habari ya Butimba. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Hilo utawaeleza wao wakati ukifika. Sasa hivi kinachokuzuia ni Fizikia."

Maneno hayo yalinisaidia sana, na nayarudia kwa kila anayeniuliza. Wengi wetu tunaogopa rekodi ya mahakama mpaka tunasahau kwamba sifa za masomo hazina huruma. Stashahada ya uuguzi na ukunga inadai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nguvu. Ukiwa na F ya Fizikia hakuna kamati itakayofika kwenye habari ya kifungo chako, kwa sababu jina lako halitafika mezani kwao. Nilijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikasoma jioni na vijana wa sekondari waliokuwa wananiita "babu," nikafanya mtihani Novemba 2018. Matokeo yalipotoka Januari nikaona D. Nililia mbele ya watu.

Hapo ndipo ushauri ulipoanza kumiminika, na mwingi ulikuwa wa hatari. Mjomba alinitaka nibadilishe jina kwa kiapo cha wakili, nianze upya. Alikuwa ananitakia mema. Lakini cheti cha mtihani kina jina, cheti cha kuzaliwa kina jina, NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ina jina pamoja na alama za vidole. Ukibadilisha kimoja unalazimika kueleza kwa nini vingine havifanani, na maelezo hayo yatakurudisha kule kule ulikokuwa unakimbia, safari hii ukiwa na sura ya tapeli. Mwingine, mtu wa vibandani karibu na mahakama, aliniambia kwa shilingi laki tatu anaweza "kuisafisha" kesi yangu. Hakuna mtu wa kibandani mwenye uwezo wa kufuta hukumu. Msamaha wa Rais upo, hutangazwa mara nyingi Aprili 26 na Desemba 9, na mamlaka yake yamo kwenye Ibara ya 45 ya Katiba. Huo hauuzwi mtaani. Pesa hiyo ilinitosha kununua vitabu na kulipia nakala zote nilizohitaji baadaye.

Nilichofanya badala yake ni kwenda masjala ya mahakama kuomba nakala ya hukumu yangu. Niliahirisha jambo hilo kwa muda mrefu kwa sababu ya aibu. Nilijua karani atatazama jina, atanitazama mimi. Kweli alitazama, kisha akaniuliza namba ya kesi na mwaka. Sikuwa na namba. Akaniambia nirudi na tarehe ya hukumu na jina la aliyelalamika, ili watafute kwenye rejista. Kama wewe bado una karatasi yoyote ya kesi yako, hata hati ya wito iliyochanika, itunze. Namba iliyo juu yake itakuokolea wiki nzima za kwenda na kurudi.

Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo imeandikwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kurasa chache. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi nje, na mwili ulinisisimka, kwa sababu kila kilichoandikwa kilikuwa kweli na kilikuwa kidogo kuliko kilichokuwa kinasemwa. Kule mwaloni habari ilikuwa imeshakua: mara nilimchoma mtu kisu, mara niliiba injini ya mtumbwi, mara nilifungwa miaka saba. Karatasi ilisema nilimpiga mtu kwa kasia mara moja, nilikiri, ni kosa la kwanza, nilipewa miezi 6 na fidia. Watu husema lisemwalo lipo. Kwangu lililosemwa lilikuwa kubwa kuliko lililokuwepo, na ile hukumu ndiyo iliyolirudisha kwenye kipimo chake. Tangu siku hiyo sijawahi kueleza kosa langu kwa mtu yeyote rasmi bila kumpa nakala asome mwenyewe.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, jua vizuri kilichokupata. Nimekutana na vijana wanaojiita wafungwa wakati walilala mahabusu kituoni wakaachiwa bila kufikishwa mahakamani. Hao hawajapatikana na hatia. Kuna walioshtakiwa kesi ikaondolewa. Kuna waliotiwa hatiani lakini hakimu akawaachia kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12, chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu. Hao hawakufungwa, ila hatia ipo. Na kwetu huku ziwani lipo kundi kubwa la waliokamatwa na nyavu haramu kama kokoro na timba, au na sangara wachanga. Wengine walilipa kwa utaratibu wa kufifilisha kosa bila kufika kortini, wengine walipelekwa mbele ya hakimu wakapigwa faini. Faini ya hakimu ni hukumu ya jinai, hata kama hukulala gerezani usiku mmoja. Fomu moja inaweza kuuliza kama umewahi kushtakiwa, nyingine kama umewahi kupatikana na hatia, nyingine kama umewahi kufungwa. Jibu kile kilichoulizwa, usipunguze, na usijiongezee mzigo ambao mahakama haikukupa. Kama huelewi hali yako, muone msaidizi wa kisheria. Wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada wao ni bure kwa asiyejiweza.

Jambo lililonitia uzito kuliko yote lilikuwa fidia. Nilikuwa nimeilipa kwa mafungu, mengine kupitia mahakamani, mengine mkononi mwa yule ndugu niliyemuumiza, bila stakabadhi. Ilibidi niende kwake Kayenze kumwomba athibitishe. Nilimkuta anaanika dagaa na mkewe. Alikuja nami mahakamani siku iliyofuata, akasema mbele ya karani kwamba amelipwa yote, ikaandikwa. Nikapata ujasiri nikamwomba na barua ya kusema amenisamehe. Akakataa. Aliniambia, "Ndugu yangu, sina kinyongo nawe. Lakini mkono huu haukunji vizuri mpaka leo, na kuvuta nyavu siwezi tena. Usinitake niandike." Nikamwambia asante, nikamwacha. Alikuwa na haki yake. Wapo watakaokushauri umbembeleze aliyeumia, au umpe hela aandike. Mimi naona ni kumuumiza mara ya pili. Ukipata msamaha wake shukuru, usipoupata nenda bila barua na useme ukweli kwamba hukuipata.

Barua nyingine nilizipata: ya mmiliki wa zahanati, ya yule mama muuguzi, ya mwenyekiti wa mtaa, na ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi, ya mwalo nilipofanyia kazi. Ya kwanza kutoka kwa mwenyekiti ilisema mimi ni kijana mwema na mwadilifu, basi. Yule mama aliisoma akanirudishia. "Hii haikusaidii. Watauliza kama anajua." Nikarudi kwa mwenyekiti na nakala ya hukumu. Akaisoma, akashusha pumzi, akaandika upya: anafahamu kwamba nilihukumiwa mwaka 2015 kwa kumpiga mwenzangu, anafahamu nimemaliza adhabu na fidia, na tangu nihamie mtaani kwake hajapokea lalamiko dhidi yangu. Ni barua fupi isiyo na sifa kubwa, na ndiyo iliyosomwa kwa sauti kwenye kikao.

Nilifanya jambo moja zaidi kabla ya kulipa chochote, na hili ndilo naomba watu wasiliruke. Niliuliza upande wa leseni. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ndiyo inayoliweka Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo husajili wauguzi, hutoa leseni, na lina uwezo wa kumwadhibu hata kumwondoa kwenye rejista aliyekiuka maadili. Nilieleza kosa langu na kuuliza kama ni kizuizi cha moja kwa moja. Sikupewa ahadi, na wewe usitegemee ahadi. Nilichoelewa ni kwamba maombi hutazamwa yakiwasilishwa, na kwamba kuficha ni jambo baya kwa mtu anayeomba kuaminiwa na wagonjwa. Kwangu hiyo ilitosha kuamua kuendelea. Kama hatia yako inahusu watoto, ngono, au wizi wa dawa, hali yako ni nzito kuliko yangu; uliza mapema zaidi, na uwe tayari kusikia hapana kabla hujauza ng'ombe wa nyumbani. Anayetaka utabibu aulize Baraza la Madaktari Tanganyika, wa famasia aulize Baraza la Famasi.

Maombi yenyewe hayakuwa magumu. Siku hizi NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, ina mfumo wa udahili wa pamoja kwa kozi za afya. Wakati wangu niliomba vyuo binafsi moja kwa moja. Mwanzoni wanatazama alama. Swali la jinai nilikutana nalo kwenye fomu ya kujiunga, ile inayokuja na orodha ya sare, godoro na vipimo vya afya. Nilijibu ndiyo, nikaambatisha hukumu, uthibitisho wa fidia, barua zote, na maelezo yangu ya ukurasa mmoja. Chuo cha kwanza walinipigia simu. Sauti ya upande wa pili ilisema, "Kijana, sisi hapa tunafundisha watu wa kuhudumia wagonjwa, hatuchukui wafungwa," ikakata. Ada ya maombi haikurudi. Nilikaa siku kadhaa sitaki kuongea na mtu. Mama yangu mdogo alikuja akaketi mlangoni kwangu, akanisalimu kwa Kisukuma kama vile hakuna kilichotokea, "Mwangaluka," akasubiri mpaka nikaitikia.

Chuo cha pili waliniita.

Walikuwa watatu: mkuu wa chuo, mwalimu wa taaluma, na mlezi wa wanafunzi, mama mwenye miwani aliyekuwa ameishika hukumu yangu mkononi. Niliamkia. Mkuu wa chuo akasema, "Tumesoma. Sasa tueleze mwenyewe, ulimfanya nini huyo mtu?" Nikaeleza kama ilivyoandikwa, kasia, mkono, daftari.

"Alikuwa amekosea hesabu?"

"Sijui mpaka leo, mkuu. Hata kama alikosea, haikuwa halali kumpiga."

Mama mlezi akavua miwani. "Saa nane za usiku uko wodini peke yako na mwanafunzi mwenzako. Ndugu wa mgonjwa amelewa, amekutukania mama, amekushika kola. Utafanya nini?"

Nikamwambia nitarudi nyuma, nitamwita mlinzi na wa zamu, na nikiona mwili unatetemeka nitatoka chumbani nimwachie mwenzangu. Akasema, "Hayo ni ya kukariri. Nipe lililokutokea." Nikakumbuka zahanati. Mtu alimleta mtoto ana degedege, daktari alikuwa ametoka, naye akanitemea mate usoni akisema tunamuua mwanawe. Nilikwenda bombani, nikanawa, nikabaki pale nikihesabu pumzi zangu mpaka yule mama muuguzi aliponiita nimshikie mtoto. Nikarudi, nikamshika. Baba wa mtoto alikuwa amesimama kando yangu. Niliwaeleza hayo na sikujua kama yanatosha. Waliandika muda mrefu.

Ukifika kwenye kikao kama hicho, maneno ya "nimebadilika" kila mtu anayo. Nenda na tukio moja la kweli lililokupata baada ya adhabu, lenye mahali na watu wanaoweza kuulizwa, linaloonyesha unafanya nini hasira inapopanda, au pesa ya mtu inapokaa mbele yako, kulingana na kosa ulilofanya. Na usianze kwa kulalamikia polisi, hakimu au shetani. Hata kama ulionewa kwa sehemu, hapo si mahali pa rufaa. Rufaa ya Mahakama ya Mwanzo ina siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya, na zako zilishapita.

Walinipokea kwa masharti ya maandishi: kila muhula niripoti kwa mama mlezi, na ugomvi wowote wa mikono utanitoa chuoni bila kikao. Nilisaini. Nilianza Oktoba 2019.

Gharama nazisema kama zilivyokuwa. Karatasi peke yake, yaani nakala, viapo, picha, nauli na ada ya maombi ya vyuo vyote viwili, zilizidi laki moja na nusu kabla sijapata nafasi. Ada ilikuwa milioni moja na nusu kwa mwaka. Ukiweka bweni, sare, michango ya mazoezi kwa vitendo na mitihani, ilikaribia milioni mbili na laki tatu. Mama aliuza ng'ombe, mama mdogo alichukua mkopo wa kikundi, nami nilifanya kazi kila likizo. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona nilirudi ziwani kubeba dagaa mpaka Juni 1 tulipoitwa. Ninyi mna nafuu moja ambayo sisi hatukuwa nayo: tangu mwaka 2023 Bodi ya Mikopo inawakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Ombeni mapema, na majina kwenye vyeti yafanane.

Darasani hawakujua, na sikuona sababu ya kuwatangazia. Waliojua ni uongozi. Lakini ukanda huu wa ziwa watu wanajuana. Mwaka wa pili nikiwa kwenye mazoezi wodi ya watoto, alikuja mwanamke wa Kayenze na mwanawe mwenye nimonia. Nilipokaribia na trei ya dawa akanitazama sana. "Wewe si yule uliyemvunja mkono mtoto wa shangazi?" Wodi nzima ikageuka. Nikamjibu, "Ndiye mimi, mama." Akamvuta mtoto kifuani. Akasema anaomba mwingine.

Nilirudi kwenye meza ya wauguzi nikamweleza msimamizi wa wodi neno kwa neno. Alimtuma mwenzangu. Siku hiyo nilipanga kuacha chuo. Nilishakunja shuka zangu. Mama mlezi alinikuta bwenini, akakaa kitandani, akasema, "Mgonjwa ana haki ya kumkataa anayemuogopa. Wewe una kazi ya kuhakikisha mtoto anapata dawa kwa saa yake. Alipata?" Nikasema alipata. "Basi kesho uko zamu ya asubuhi." Yule mwanamke hakuwahi kuniruhusu nimguse mwanawe mpaka waliporuhusiwa kwenda nyumbani. Sijui kama alikosea. Ningekuwa mimi, na mwanangu mdogo amelala pale, huenda ningefanya vile vile. Mtu mwenye rekodi akiingia kwenye kazi hii ajiandae kwa hilo, kwa sababu hakuna karatasi ya mahakama inayolizuia.

Nilimaliza mwaka 2022, nikafanya mtihani wa usajili na leseni wa baraza, nikatuma maombi yangu na nakala zile zile: hukumu, fidia, barua, na barua mpya ya chuo kuhusu mwenendo wangu. Nilisubiri kuliko wenzangu. Leseni ilikuja mwaka 2023. Mwenzetu mmoja wa chuo kingine, aliyekuwa ameandika hapana kwenye fomu, aligunduliwa akiwa mwaka wa mwisho. Kosa lake lilikuwa dogo kuliko langu, faini ya uvuvi tu. Walimtoa kwa kusema uongo kwenye fomu, na ada ikapotea. Namuwaza mara nyingi, kwa sababu kama angeweka risiti ya faini yake mezani siku ya kwanza, sidhani kama kuna mtu angemzuia.

Kazi niliipata kwenye kituo cha afya cha taasisi ya dini, ng'ambo ya Kamanga. Niliwaeleza kwenye usaili, wakasoma, wakauliza maswali yanayofanana na yale ya kikao cha chuo. Serikalini bado. Nimeona matangazo yanayotaka mwombaji asiwe amewahi kupatikana na hatia ya jinai, na mengine yasiyosema hivyo. Yale ya kwanza siyaombi. Ya pili naomba, naambatisha. Anayeingia uuguzi akitegemea ajira ya serikali peke yake azingatie hilo kabla hajaanza, maana mwenye rekodi ana mlango mwembamba zaidi, na mikopo ya ada haisubiri.

Kwa walio tayari kuanza: kama kesi yako ilikuwa ya Mahakama ya Wilaya miaka ya nyuma, hukumu yako huenda imeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ni mwaka 2021 ndipo sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Omba mtu anayeaminika akusomee yote, hasa sehemu ya adhabu, kabla hujaipeleka popote. Nenda masjala asubuhi, na namba ya kesi, mwaka, jina lako kamili kama lilivyoandikwa siku ile, na kitambulisho. Toa nakala kadhaa, zithibitishwe kwa muhuri, na ile halisi iache nyumbani kwa mtu unayemwamini. Yangu anayo mama yangu mdogo, Igoma.